PC-7 kwenye usukani wa trekta la zamani: inaziba nini na inashindwa wapi

Jibu la haraka kwanza, kwa mwenye trekta uani na kazi inamsubiri. Kama duara la usukani limepasuka lakini chuma cha ndani ni kizima, nunua PC-7, gundi nzito ya epoksi inayochanganywa kutoka makopo mawili. Inakaa pale ulipoiweka, hainywei kiasi cha kuonekana ikikauka, inakubali tupa na msasa, na inapokea rangi. Kama spoku imekatika au kitovu kimeliwa meno, usinunue gundi yoyote. Usukani unaobaki mkononi mteremkoni unaua, na hakuna epoksi iliyotengenezwa kubeba kazi hiyo.

Tathmini hii inalenga hasa Massey Ferguson 35, lile la Coventry lililotoka kiwandani mpaka 1964, kwa sababu hilo na mdogo wake 135 ndiyo matrekta ya zamani ambayo bado yanaonekana kwenye mashamba ya Kenya na Tanzania. Lakini kazi ni ileile kwa Fordson Major, kwa Ferguson TE20, na kwa Farmall na Ford 8N ambazo wakusanyaji wa Marekani huzitengeneza upya. Sukani zote hizi zilijengwa kwa wazo moja: fimbo ya chuma iliyokunjwa duara, ikavishwa mpira mgumu au plastiki nyeusi kwenye kalibu.

PC-7 ni epoksi ya Marekani, kutoka jimbo la Pennsylvania. Inauzwa kwa makopo mawili yanayokwenda pamoja, A na B, na huchanganywa nusu kwa nusu kwa ujazo. Ni nzito kama grisi ya beringi na ikikauka inakuwa na rangi ya makaa. Muda wa kuifanyia kazi baada ya kuchanganya ni kama saa 1 kwenye joto la nyuzi 21, na inakomaa baada ya saa 24. Uzito wake ndio unaoipa thamani kwenye usukani. Usukani ni bomba la mviringo lisilo na upande wa juu: chochote kinachotiririka kitaondoka kwenye ufa na kuning'inia chini kama tone la uji. PC-7 haitiririki hata ukiigeuza chini juu.

Kwa nini duara hupasuka

Inafaa kulielewa hili kabla ya kufungua kopo, kwa sababu wengi wanaolalamika kwamba epoksi imebanduka baada ya msimu mmoja waliipaka juu ya ufa wakaacha ugonjwa chini yake.

Mpira mgumu hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma. Trekta likishinda juani, usukani mweusi hupata joto la kuunguza kiganja, kisha usiku hupoa. Kila siku gamba linavutana na fimbo. Juu ya hapo, miaka ya jua na hewa huukausha mpira, unapoteza mnyumbuko na kujaribu kusinyaa, lakini duara la chuma lililomo ndani halisinyai nao. Gamba halina pa kwenda, linachanika. Ndiyo maana nyufa karibu zote zinakata duara kwa upana wake, na nyingi hukaa jirani na spoku. Baada ya hapo maji ya mvua na jasho huingia, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma gamba kutoka ndani mpaka kipande kinadondoka.

Kwa hiyo ufa unaouona ni mdomo tu. Gonga duara lote kwa mpini wa bisibisi, sentimita mbili mbili. Palipo pazima hutoa mlio mfupi na mzito, na palipoachana na chuma hulia kama debe tupu. Weka alama ya chaki kila panapolia hivyo, hata kama hapana ufa, kwa sababu hapo ndipo utakapopasuka mwakani.

Kuutoa usukani

Utoe, usifanyie kazi ukiwa juu ya trekta. Vumbi la msasa litashuka kwenye nguzo ya stelingi na kwenye mkono wa mafuta ulio chini ya usukani. Ondoa kifuniko cha katikati, piga alama ya patasi ndogo kwenye kitovu na kwenye ncha ya shimoni (mhimili wa chuma unaozungushwa na usukani) ili usukani urudi ulivyokuwa, kisha legeza nati mpaka uso wake uwe sawa na ncha ya shimoni. Usiitoe kabisa: inalinda uzi wa shimoni, na usukani ukichomoka ghafla inauzuia usikupige kidevuni. Nyunyiza mafuta ya kupenya kutu, uache usiku kucha, kisha tumia pula, kifaa cha kuchomolea, inayoshika kitovu. Kuvuta kwa kushika duara kunapinda spoku na kufungua nyufa mpya. Nyundo juu ya ncha ya shimoni ni kosa kubwa zaidi, maana kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi za boksi la stelingi.

Ukiwa nao mezani, angalia ndani ya kitovu. Sukani nyingine zimeshikwa kwa meno, nyingine kwa kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shimoni. Meno yakiwa yameliwa, au mfereji umepanuka, safari ya usukani huo imeishia hapo.

Mfereji ndio kazi yenyewe

Kila ufa utanuliwe kwa msumeno wa chuma au grainda ndogo mpaka mdomo wake ufike milimita 6, na uteremke mpaka uone fimbo. Ufa mwembamba kama unywele hauwezi kupokea dawa nzito kama hii, utaishia kuupaka kofia. Umbo linalodumu ni la chungu: mdomo mwembamba, tumbo pana. Ukifika kwenye chuma, kula kidogo kushoto na kulia chini ya gamba ili epoksi ikishakauka iwe imefungwa ndani, isitegemee kunata peke yake. Kila kipande kilicholia kama debe kitolewe chote. Inauma kubomoa nusu ya duara ambalo kwa nje lilikuwa zuri, lakini ukikiacha kitakurudisha.

Chuma kisuguliwe mpaka king'ae. Panapokuwa na vishimo vya kutu visivyofikika, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, suuza, kausha kabisa. Mwisho futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, ubadilishe kitambaa mpaka kisichafuke tena. Petroli na dizeli hazifai, zinaacha mafuta nyuma. Kama usukani umewahi kupakwa dawa ya kung'arisha matairi, ufute mara mbili kabla hujaugusa kwa msasa, la sivyo msasa utaisukuma silikoni ndani ya mpira na rangi itakuja kufanya vishimo vidogo vya duara ambavyo havizibiki kwa rangi zaidi. Asetoni nayo ijaribiwe kwanza mahali pa kificho, chini ya duara: baadhi ya plastiki za zamani hulainika nayo, na hizo zifutwe kwa spiriti.

Kiasi gani kinatosha

Hapa watu hununua kidogo au kupita kiasi, kumbe hesabu ni nyepesi. Chukua usukani wa kipenyo cha milimita 430, yaani karibu inchi 17, wenye duara nene milimita 22 na fimbo ya milimita 10 ndani. Mfereji mmoja wa milimita 6 unaozunguka duara lote unameza chini ya sentimita 2 za ujazo. Nyufa 12 hazifiki 25. Seti ndogo ya nusu ratili, gramu 227, inatosha na itabaki. Pengo la urefu wa sentimita 10, gamba likiwa limekwisha kabisa, linataka sentimita 30 za ujazo.

Lakini kuvisha upya duara zima la usukani huo ni karibu sentimita 385 za ujazo kabla ya kile utakachokisaga na kukitupa. PC-7 ni nzito kuliko maji, hivyo hata seti ya ratili moja itakuwa ndogo. Kwa kazi ya namna hiyo, maoni yangu ni kwamba ukifika nusu ya duara bila gamba, acha. Kama ni Massey Ferguson 35 au 135 la kulimia, sukani mpya za kuigwa zinapatikana kwa wauza vipuri, na zitafanya kazi. Epoksi nyingi namna hiyo ina maana tu pale unapotaka kubaki na usukani wa asili, au pale ambapo wa kuchukua nafasi yake haupo.

Kuchanganya na kujaza

Tumia vijiko viwili, kimoja cha A na kimoja cha B, na visibadilishane makopo hata mara moja: mabaki ya B ndani ya A yataganda, na kopo litaanza kuharibika kuanzia pale. Changanya juu ya kigae au kioo kwa kisu butu cha puti, ukikandamiza na kukunja, mpaka michirizi yote iishe na rangi iwe moja. Ukiona mstari hata mmoja, hapo patabaki laini milele, hata usubiri mwezi. Hili ndilo lalamiko la haki dhidi ya bidhaa hii: ni ngumu kuchanganya. Mkono unachoka, na aliyechoka huacha michirizi.

Changanya kiasi cha ndimu moja kwa wakati. Epoksi hutoa joto inapoganda, na donge kubwa hujipasha lenyewe na kuganda haraka, hivyo ukishaichanganya itandaze iwe bapa. Joto la mahali nalo lina neno. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wako karibu nusu, kwa hiyo Mombasa au Tanga mchana, ile saa 1 hesabu dakika 30. Kwenye baridi ya Njombe au Molo mambo yanageuka: dawa inakuwa ngumu kama nta, na saa 24 hazitoshi. Weka makopo, yakiwa yamefungwa, kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya, kisha upe usukani siku 2 au 3 mahali penye joto.

Vaa glavu. Vigumuzi vya epoksi vinaweza kuizoesha ngozi mzio ambao ukishaingia hautoki, na kila ukirudi kwenye kopo mikono itawasha.

Anza kwa tabaka jembamba sana. Lisugue kwenye chuma na kwenye kuta za mfereji kwa kijiti bapa, kwa nguvu, kama unayepaka samli kwenye kikaango chenye kutu. Tabaka hilo ndilo linaloshika. Kinachofuata ni kujaza tu. Jaza ukisukuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili hewa itoke mbele ya kijiti, maana hewa iliyonaswa itatokea baadaye kama vitundu wakati umeshafika msasa wa 220. Pandisha milimita 1 au 2 juu ya uso wa mpira. Lainisha kwa kidole cha glavu kilichochovywa kwenye spiriti, lakini ulainishe uso tu. Spiriti ikiingia kati ya matabaka inazuia yasishikane.

Pwani, au penye unyevunyevu popote, asubuhi utakuta uso una utelezi kama wa nta. Ni ute unaotoka kwenye kigumuzi kinapokutana na mvuke wa hewa. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya msasa. Ukiusaga bila kuuosha unausambaza, na rangi itabanduka juu yake kwa maganda.

Kusawazisha

Sehemu hii inahitaji subira, na ndiyo inayotenganisha usukani mzuri na usukani wenye nundu. PC-7 iliyokomaa ni ngumu kuliko mpira ulioizunguka. Ukisugua vyote kwa pamoja, msasa unakula mpira kwanza, na kila kiraka kinabaki kimevimba kidogo katikati ya mabonde mawili. Punguza epoksi kwa tupa nusu-duara mpaka ibaki unene wa karatasi juu ya mpira, ukiwa umefunga utepe wa karatasi pande zote mbili za kiraka kuulinda mpira. Kisha toa utepe, kata ukanda wa msasa namba 80 wenye upana wa sentimita 3, uuzungushe nyuma ya duara, uvute huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Fuata kwa 120, halafu 220.

Usiamini macho. Fumba macho, funga kiganja kuzunguka duara, uteleze taratibu. Kiganja kinakamata nundu ambayo jicho haliioni, na dereva ataishika hiyo nundu siku nzima.

Sukani nyingi zina mawimbi ya vidole upande wa chini. Yarudishe kwa kufunga msasa wa 120 kwenye kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi na kuchimba wimbi moja moja, ukipima umbali kutoka mawimbi mazima ya jirani. Ukiyaacha bapa, mkono uliozoea usukani huo utajua mara moja.

Kabla ya rangi, uanike juani siku 3 au 4. Watu huiruka hatua hii kwa haraka ya kuona rangi. Kama kuna kiraka ambacho hakikushika, joto litamwonyesha mtengenezaji mstari mwembamba kwenye ukingo wake. Ni bora uuone sasa na kuufungua tena kuliko kuuona ukichora juu ya rangi mpya.

Zinazoshindana nayo

J-B Weld ya kawaida, ile iliyoanzia Texas, inashika chuma vizuri sana na mirija yake hupatikana kirahisi zaidi. Tatizo lake kwenye usukani ni wepesi: inatiririka kabla haijaganda. Kwa ufa mmoja au miwili, ukiuelekeza mdomo juu na kuzungusha usukani baada ya kila tabaka, inatosha. Kwa nyufa 12 zilizozunguka duara utashinda mezani wiki nzima.

Araldite ya kawaida, ya mirija miwili, ina kasoro hiyohiyo ya wepesi, lakini ukiikoleza kwa unga wa talki mpaka isimame kwenye kijiti bila kudondoka, inakuwa mbadala wa kweli pale ambapo PC-7 haipatikani. Na haipatikani mara nyingi: si kitu cha kukikuta kwenye kila duka la vifaa, wengi huiagiza nje. Kaa mbali na zile epoksi za dakika 5. Kwa jumla huvumilia joto na maji kidogo zaidi, na usukani wa trekta unakula vyote viwili.

Puti ya bodi, ile ya magari, ndiyo inayotumika zaidi gereji kwa sababu inakauka kwa dakika chache. Kama kijazo cha ufa haifai. Inanywea, inafyonza maji, na haivumilii kuvutana kwa chuma na mpira, kwa hiyo ufa hurudi palepale. Nafasi yake ni moja: filamu nyembamba juu ya epoksi iliyokomaa, kuziba vitundu vya mwisho.

Na kuhusu kufunga duara kwa vipande vya tyubu: mkono unapata pa kushika, ni kweli, lakini chini ya tyubu maji hayana njia ya kutoka. Fungua usukani uliofungwa hivyo miaka 5 uone fimbo ilivyoliwa.

Rangi na kurudisha

Rangi ya kopo la kunyunyiza ya kawaida hulainika kwa dizeli na jasho, ikaanza kunata mikononi. Tumia rangi ya hadena, yaani ya kuchanganywa na kigumuzi, nyeusi ya kung'aa nusu. Ng'aro kamili huonyesha kila kosa na hurudisha jua machoni. Piga praima ya epoksi, kisha praima ya kujaza, sugua kwa msasa wa maji 400 na 600, halafu matabaka 3 membamba ya rangi. Vaa barakoa inayofaa, si kitambaa. Rangi hizi nyingi zina kemikali ya isosayaneti, na mapafu hayasamehe. Tundika usukani kwa waya kupitia kitovu ili upake pande zote kwa mkupuo mmoja, na uupumzishe wiki nzima kabla ya mtu kuushika.

Siku ya kuurudisha, magurudumu ya mbele yaelekee mbele, alama ya patasi ikutane na mwenzake, na uzi wa shimoni uwe safi. Paka grisi kidogo kwenye meno ili atakayekuja kuutoa asihitaji nyundo. Kaza nati, zungusha usukani kutoka kikomo hadi kikomo mara kadhaa, kaza tena. Baada ya siku ya kwanza ya kulima, fungua kifuniko cha katikati uijaribu nati kwa spana kwa mara nyingine.